Jaa Huanzia Kapuni

Kila asubuhi magari ya taka huingia katika mitaa ya Dar es Salaam. Hupita Manzese na Magomeni, Temeke na Buguruni, yakapakia viroba vilivyofungwa na kuwekwa kando ya milango, kisha yakaelekea Pugu Kinyamwezi, lilipo jaa kuu la jiji. Mwananchi akiona kiroba chake kimekwisha kuchukuliwa hushusha pumzi, akadhani ya kuwa shauri limekwisha. Sisi twasema shauri halijaisha, wala halikuanzia mlangoni pake. Lilianza siku mbili tatu nyuma, pale alipokuwa sokoni na fedha mkononi, akichagua kitu cha kununua, kiasi cha kununua, na chombo cha kubebea.

Hilo ndilo jambo tunalotaka wasomaji wetu walifikiri leo. Kwa miaka mingi maneno juu ya taka yamekuwa maneno juu ya magari, mafagio, majaa na faini. Yote hayo yana mahali pake. Lakini mtu afagiaye maji huku bomba li wazi hatamaliza kufagia, hata akipewa mafagio kumi. Bomba la taka za nyumbani ni ununuzi wetu, na mkono wa kulifunga ni wetu wenyewe.

Yafaa kwanza tukumbuke yaliyopita. Katika miaka ya 1980 jaa la jiji lilikuwa Tabata. Wakazi wa huko walichoshwa na moshi, harufu na nzi, wakaipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani, na katika kesi hiyo iliyofunguliwa mwaka 1988 Mahakama Kuu iliamuru utupaji wa taka mahali pale ukomeshwe. Wakazi wa Tabata walikuwa na haki, na kesi yao ingali yatajwa na wanasheria kila inapozungumzwa haki ya raia kuishi mahali safi. Lakini taka zenyewe hazikusikia hukumu. Zilipelekwa Vingunguti, kutoka Vingunguti zikapelekwa Mtoni, na kutoka Mtoni zikapelekwa Pugu. Kila mara jaa lilisogezwa mbali, na kila mara jiji lilipanuka likalifuata. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikaonyesha watu 5,383,728. Katika miaka 10 wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, nao wote hununua, hula na hutupa.

Wala jambo hili si la jiji letu peke yake. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2018, ilikadiria ya kuwa nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilitoa tani milioni 174 za taka katika mwaka 2016, na kwamba kiasi hicho kitakuwa karibu mara tatu ifikapo mwaka 2050. Basi hata akitokea mtu wa kutuonyesha bonde jingine la kuwa jaa la tano la Dar es Salaam, atakuwa ametupa muda tu. Hatakuwa ametupa dawa.

Tunalipa mara tatu

Wako wasemao kwamba taka ni jambo la usafi na adabu tu. Hawajapiga hesabu. Kila kilichomo ndani ya kiroba kilinunuliwa kwa fedha, ila majani yaliyofagiwa uani. Nyanya iliyooza ilinunuliwa. Mkate uliota ukungu ulinunuliwa. Chupa tupu, karatasi ya nailoni, na mfuko uliotatuka, vyote vilikuwa ndani ya bei tuliyolipa dukani. Hayo ndiyo malipo ya kwanza.

Malipo ya pili ni ada ya kuzoa taka, ambayo kila nyumba hudaiwa kwa kazi ya kuondoa kitu ilichokwisha kukinunua. Na malipo ya tatu huja na mvua. Mitaro iliyozibwa kwa chupa na mifuko hushindwa kupitisha maji. Mto Msimbazi hufurika. Jangwani hugeuka ziwa. Na watu wa mabondeni hubeba magodoro yao vichwani. Hatukusahau mafuriko ya Desemba 2011, yaliyochukua roho za watu na kuwaacha maelfu bila makao. Hatusemi ya kuwa takataka ndizo zilizoleta mvua ile. Twasema ya kuwa mvua ikishuka juu ya mtaro ulioziba, msiba ulio mdogo huwa mkubwa, na walipao zaidi ni wale wasio na pa kukimbilia.

Mtu atakayepunguza taka zake wakati wa kununua huepuka malipo yote matatu kwa pamoja. Hapana gari la taka, hata liwe jipya namna gani, liwezalo kumfanyia hivyo.

Chakula ndicho sehemu kubwa

Ukifungua kiroba cha nyumba ya kawaida katika miji yetu, kitu kikubwa utakachokikuta ni chakula na masalio ya chakula. Hicho ndicho kinukacho, kivutacho nzi na panya, na kitoacho hewa ya methani kikifukiwa jaani, hewa ambayo huzidisha joto la dunia.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yapo Nairobi, lilitoa mwaka 2024 taarifa juu ya chakula kinachotupwa duniani. Kwa mwaka 2022 peke yake lilikadiria kiasi cha tani milioni 1,052, pamoja na maganda na mifupa isiyoliwa. Katika kila tani 100 za chakula hicho, tani 60 zilitoka majumbani. Migahawa na maduka yalitupa tani 40 zilizobaki. Kwa wastani kila mtu alitupa nyumbani kwake kilo 79 kwa mwaka. Tukiichukua familia ya watu watano kwa wastani huo, tutapata kilo 395, yaani karibu magunia manne ya kilo 100. Na katika mwaka huo huo watu wapatao milioni 783 walikuwa na njaa duniani.

Msomaji atasema: hayo ni ya Ulaya na Marekani, sisi hatuna cha kutupa. Sisi nasi tulidhani hivyo. Lakini taarifa hiyo yaeleza ya kuwa tofauti ya wastani wa chakula kinachotupwa majumbani kati ya nchi tajiri, nchi za kati, na nchi za kati za chini ni kilo saba tu kwa mtu kwa mwaka. Tajiri hutupa kwa kuwa ana kingi mno. Sisi hutupa kwa kuwa joto ni kali, umeme hukatika, jokofu hakuna au ni dogo, na hasa kwa kuwa tulinunua bila kupima. Sababu ni mbalimbali, lakini kiroba hujaa vile vile.

Tuchukue mfano ulio karibu. Baba atoka kazini siku ya mshahara, apita sokoni, aona nyanya za sado zauzwa kwa bei nafuu. Tuseme sado ni shilingi 4,000. Afurahi, ainunue, aipeleke nyumbani ndani ya mfuko uliofungwa kaba. Nyumbani watu ni wanne. Siku ya tatu nyanya za chini zimelowa, siku ya tano nusu ya sado yatupwa. Baba huyo asema amenunua sado kwa shilingi 4,000. Kwa kweli amenunua nusu ya sado kwa shilingi 4,000, na nusu ya pili ameinunulia jaa la Pugu. Jirani yake, aliyenunua fungu la shilingi 500 gengeni kila siku na kulimaliza lote, alionekana kuwa analipa zaidi. Mwisho wa juma amelipa shilingi 3,500, amekula nyanya mbichi kila siku, na hakutupa hata moja.

Bei nafuu ya kitu kinachooza ni mtego. Kitu kioza haraka kinunuliwe kidogo na mara kwa mara: nyanya, mchicha, matembele, ndizi mbivu, samaki wabichi, maziwa. Kitu kikaacho kinunuliwe kwa wingi kiasi uwezo unavyoruhusu: maharage, mchele, chumvi, sukari, sabuni, dagaa wakavu. Na unga, ambao wengi huudhani kuwa haudhuriki, nao una kikomo chake. Ukiwekwa mahali penye unyevu huingia wadudu na ukungu, na chakula chenye sumukuvu hakifai kuliwa na mtu wala na kuku. Katika jambo hili genge la mtaani, ambalo wengine hulidharau kwa kuwa halina viyoyozi wala rafu za kioo, ni mwalimu mwema. Limemfundisha mnunuzi kununua chakula cha leo kwa ajili ya leo.

Liko pia suala la sherehe. Katika mwezi wa Ramadhani, ambao ni mwezi wa kujizuia, na katika sikukuu za Iddi na Krismasi, na katika harusi zetu, tunanunua kana kwamba heshima ya mwenyeji hupimwa kwa sufuria iliyobaki imejaa. Mgeni hakuheshimiwa kwa wali unaomwagwa kesho yake alfajiri. Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao: kilichobaki kiligawiwa majirani usiku ule ule kingali cha moto, au kikawa kiporo cha asubuhi. Kiporo hakikuwa aibu. Watoto wengi wa nchi hii wamekwenda shule na kufaulu kwa nguvu ya kiporo. Tunalopaswa kulionea aibu ni pipa.

Mfuko ulibadilika, mazoea hayakubadilika

Sasa tuje kwenye kile kinachobeba chakula. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara. Zanzibar ilikwisha kutangulia miaka mingi kabla, Rwanda ilichukua hatua hiyo mwaka 2008, na Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Kanuni zetu ziliweka faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, kwa mtu atakayekutwa akiutumia mfuko huo. Amri ile ilipokewa vizuri kuliko ilivyotazamiwa. Kwa muda wa majuma machache mifuko ilitoweka mikononi mwa watu, na kila mwenye macho aliona tofauti.

Lakini tusijidanganye. Badala ya mfuko wa nailoni ulikuja mfuko mbadala, ule laini unaofanana na kitambaa. Wengi hawajui ya kuwa mifuko hiyo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Faida yake ni moja tu: ni imara, wafaa kutumiwa mara nyingi. Mtu aununuaye kila aendapo dukani, akautupa au akaurundika chini ya kitanda, hakubadili kitu. Ametoa plastiki nyembamba akaleta plastiki nene, tena kwa fedha yake. Na upande wa pili wako wafanyabiashara waliogeuza vifungashio vyembamba visivyo na maandishi kuwa mifuko ya kubebea, hata Serikali ikalazimika mwaka 2021 kutoa amri nyingine ya kuvizuia. Sheria iliufukuza mfuko mlangoni, mazoea yakaurudisha kwa dirishani.

Dawa ya jambo hili haikuhitaji kutoka ng'ambo. Ipo kikapuni. Kikapu cha ukindu kilikwenda sokoni na bibi zetu kwa miaka kadha wa kadha. Kikachakaa, kikashonwa, kikaendelea. Na siku kilipokufa kabisa kilioza kikawa udongo. Mtoto alipotumwa dukani alipewa chupa ya mafuta ya taa na chupa nyingine ya mafuta ya kula, na mwenye duka alimpimia. Soda na bia zilinunuliwa kwa kurudisha chupa tupu, na aliyekuja bila chupa aliweka amana. Hapakuwa na semina iliyofundisha mambo hayo. Mtu alijua ya kuwa chombo ni mali. Leo chupa ya plastiki ya maji hunyewa kwa dakika tano, na mtaroni hukaa umri wa mjukuu wa mnywaji. Kama si wale vijana na akina mama waokotao chupa barabarani na kuziuza kwa kilo, hali ingekuwa mbaya zaidi. Na watu hao, ambao mara nyingi hudharauliwa, wanalifanyia taifa kazi kubwa kwa ujira mdogo.

Maskini asionewe

Hapa twapenda kusema neno kwa wale wanaotoa mashauri. Katika nchi za mbali mwananchi hushauriwa anunue kwa wingi, mara moja kwa juma, kwa gari, ajaze jokofu. Shauri hilo likiletwa Tandale au Mbagala huwa ni kejeli. Mtu apataye fedha yake jioni, baada ya kutwa nzima ya kubeba mizigo au kuuza maandazi, hana fedha ya mfuko wa sabuni wa kilo mbili. Ana fedha ya kipakiti. Kununua kidogo kidogo kwake si ujinga, ni hesabu ya siku. Haba na haba hujaza kibaba, na yeye ndiye aijuaye haba kuliko wote.

Lakini tazama jinsi anavyonyonywa. Vipakiti vile vya sabuni ya unga, vya majani ya chai, vya maziwa ya unga na vya mafuta ya nywele, mara nyingi kwa gramu ni ghali kuliko pakiti kubwa ya tajiri. Yaani aliye na kidogo hulipa zaidi kwa kitu kile kile. Kisha kila kipakiti humwachia karatasi ya nailoni isiyooza, isiyouzika kwa waokotaji, na isiyo na kazi tena. Mwisho karatasi hizo huishia katika mtaro ulio mbele ya mlango wake, si mlango wa mwenye kiwanda. Hivyo maskini analipa bei, analipa uchafu, na mvua ikija analipa kwa nyumba yake. Jambo kama hili haliwezi kuondolewa kwa kumlaumu mnunuzi. Lataka njia nyingine ya kununua kidogo.

Njia hiyo ipo, nayo ni kupima. Mtu mwenye shilingi 500 anaweza kununua mafuta ya shilingi 500 katika chupa yake, sukari ya shilingi 500 katika kopo lake, na sabuni ya maji ya shilingi 500 katika dumu lake, bila kununua kipakiti hata kimoja. Maduka ya mitaani yangali yakifanya hivyo kwa mafuta, unga na mchele. Kinachotakiwa ni kuiongeza desturi hiyo, si kuiacha ife kwa sababu ati ni ya kizamani. Na njia ya pili ni kushirikiana. Watu wetu wanajua upatu. Wanajua kuchangiana arusi na msiba. Nyumba tano zinazopakana zikitoa sehemu sehemu zitanunua gunia la maharage au dumu la mafuta la lita 20 kwa bei ya jumla, zikagawana kwa kipimo. Kila mmoja amenunua kidogo, kwa bei ya mwenye kununua kingi, na chombo kilichobaki ni kimoja badala ya mia.

Mizani ya haki hupunguza taka

Kwa nini basi watu wengi wanakimbilia kitu kilichofungwa kiwandani? Si kwa kupenda fahari peke yake. Wanaogopa kupunjwa. Wamekwisha kuona kopo lililobonyezwa kitako ili libebe pungufu; wameona mizani iliyowekewa kitu chini; wameona mafuta yaliyochanganywa na mchele wenye mawe. Pakiti iliyoandikwa uzito na kutiwa lakiri huonekana kuwa ni amani. Kwa hiyo mwenye duka adanganyaye katika kipimo haibi gramu tu. Anawafukuza wanunuzi kutoka kwenye kupima na kuwasukuma kwenye vipakiti.

Wakala wa Vipimo una kazi ya kukagua mizani na vipimo vya biashara. Twauomba uihesabu kazi hiyo kuwa ni kazi ya mazingira pia. Mizani iliyokaguliwa, yenye alama ya ukaguzi inayoonekana na mnunuzi, katika kila duka na kila genge kubwa, yaweza kupunguza vipakiti mitaani kuliko mabango mengi ya kuhimiza usafi. Na wenye maduka wajue ya kuwa mteja aletaye chombo chake asionekane msumbufu. Apimiwe kwanza, tena apimiwe sawasawa.

Wenye viwanda nao

Wako watakaosema kwamba tunamtwika mnunuzi mzigo wa wenye viwanda. La. Mnunuzi hawezi kuchagua kitu ambacho hakiuzwi. Akikuta soda zote ziko katika plastiki, hata awe na nia njema kiasi gani, atatoka na plastiki. Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya usimamizi endelevu wa taka, ambayo yamtaka mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Huo ni mwendo wa haki: anayepata faida kwa kifungashio achangie gharama ya kukirudisha.

Lakini mwenye kungojea mataifa makubwa yakubaliane atangoja sana. Mwezi Machi 2022, hapo hapo Nairobi, mataifa yaliamua kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Wakakutana mara nyingi. Mwisho wa mwaka 2024 walikutana Busan, nchini Korea ya Kusini, wakashindwa kuafikiana; Agosti 2025 wakakutana Geneva, wakaachana tena bila mkataba, kwa kuwa wako wanaotaka utengenezaji wa plastiki upunguzwe, na wako wanaotaka kuzungumza juu ya taka tu. Ubishi huo ndio ule ule wa Tabata na Pugu katika umbo la kidunia: tufunge bomba, au tutafute jaa jingine? Wakati mabwana wakubwa wanabishana, mama na baba wa nyumba wanaamua kila siku. Na mwenye kiwanda, ambaye huenda hasikii hotuba, husikia upesi sana pale bidhaa yake inapobaki rafuni.

Mambo ya kuanza nayo

Twamaliza kwa mashauri machache, ambayo hayahitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

Kabla ya kutoka kwenda sokoni, fungua kabati na utazame kilichopo. Vitu vingi vinavyotupwa ni vile vilivyonunuliwa mara ya pili wakati vya kwanza vingali nyuma ya kopo. Andika unachokihitaji, au ukikariri, na ununue hicho. Usiende sokoni na njaa, kwa maana tumbo tupu ni mshauri mbaya wa mfuko.

Chukua kikapu. Kiwekwe mlangoni, karibu na viatu, ili kisisahauliwe. Mwenye kutoka kazini na kupita sokoni aweke mfuko uliokunjwa ndani ya mkoba wake. Kwa mafuta na vitu vya majimaji chukua chupa. Kwa nyama na samaki chukua bakuli lenye kifuniko.

Vitoavyo harufu na kuoza vinunuliwe vya siku moja au mbili. Nyanya zisifungiwe ndani ya mfuko. Ziwekwe wazi mahali penye kivuli. Vitunguu vitandazwe au vitundikwe mahali pakavu penye hewa. Mboga zikizidi zikaushwe juani, kama wafanyavyo watu wa Dodoma na Singida, ambao kwa ustadi huo hula mboga hata majira ambayo mvua hainyeshi. Tunda lenye doa si tunda bovu. Kata doa, ule tunda.

Kwa juma moja tu, kila nyumba iandike kitu inachokitupa na bei iliyokinunulia. Ikiwa ni cha shilingi 1,000 kwa siku, basi kwa mwaka ni shilingi 365,000. Familia iambiwe jumla hiyo wakati wote wamekaa kwenye mkeka, watoto nao wasikie. Tunaamini ya kuwa hesabu hiyo itafundisha kuliko makala hii.

Na kazi hii isiachiwe akina mama peke yao. Mara nyingi baba ndiye anunuaye kwa pupa siku ya mshahara, na kijana ndiye aletaye vitu vilivyofungwa mara tatu. Nyumba nzima inunue kwa akili, au nyumba nzima itatupa.

Hatusemi ya kuwa kikapu kitaondoa jaa la Pugu. Gari la taka litaendelea kuhitajika, na Halmashauri isipumzike. Twasema ya kuwa jaa lile halikushuka kutoka mbinguni. Lilijengwa kiroba kwa kiroba, na kila kiroba kilijengwa kwa shilingi iliyotoka mfukoni mwa mtu aliyefanya kazi kwa jasho. Kwa miaka mingi tumeuliza taka zipelekwe wapi. Wakati umefika kila mwananchi, anaposimama mbele ya genge au kaunta ya duka, ajiulize swali lililo jepesi zaidi: hiki ninachokinunua, kiasi gani chake kitaingia tumboni, na kiasi gani kitapanda gari la asubuhi?